Kumfundisha Mwanafunzi Kutibu Fizi: Mwongozo Kamili kwa Wasimamizi wa Kliniki za Meno Mombasa

Mwanafunzi wa udaktari wa meno anapofika pwani kwa mafunzo ya vitendo, muulize anataka kujifunza nini. Atakutajia kung'oa magego ya mwisho, kutibu mizizi, kuziba, na siku hizi kunyoosha meno. Fizi hazitaji. Ukimpangia mgonjwa wa fizi, sura yake hubadilika kama ya kijana aliyetumwa kuosha masufuria watu wakiwa karamuni. Mwongozo huu nimeuandika kwa daktari anayesimamia wanafunzi, au madaktari wapya walio katika mwaka wa majaribio, katika kliniki ya serikali au ya binafsi, ambaye sura hiyo anaijua.

Rai yangu naitanguliza. Kinachofanya fizi ziwe ngumu kufundisha ni muda. Aliyeziba jino anaiona kazi yake kabla mgonjwa hajainuka kitini. Aliyesafisha fizi ataiona baada ya miezi 3, na kufikia hapo mwanafunzi ameshahamia idara nyingine na mgonjwa ameshajihisi mzima. Basi panga kila kitu kwa lengo moja: mwanafunzi yule yule ampime mgonjwa yule yule kabla ya tiba na baada yake. Mengine yakikupotea, hilo lishike.

Hatua ya kwanza: aanze na kinywa chake mwenyewe

Siku ya kwanza asiguse mgonjwa. Wape wanafunzi rangi ya kuonyesha utando wa vijidudu juu ya meno, ile ya vidonge, au rangi ya chakula ya dukani kama vidonge havipo. Wapige mswaki kwanza kama kawaida yao, kisha wapakane rangi, kisha wahesabiane. Kila jino lina pande 4. Mwenye meno 28 ana pande 112. Pande 45 zikishika rangi, hiyo ni asilimia 40. Wanafunzi wa meno wanaojiona wasafi hushtuka, hasa wakiona upande wa ulimi wa magego ya chini umekoza rangi tupu. Lengo tunalowawekea wagonjwa kwa kawaida ni asilimia 20 kushuka chini. Aliyepata 40 baada ya kupiga mswaki hatamkaripia tena mama wa watu.

Hapo hapo wasimulie jaribio la Aarhus, Denmark, la mwaka 1965. Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 waache kabisa kusafisha meno. Tisa kati yao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, mmoja mwalimu na wawili mafundi wa maabara. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zikatengemaa ndani ya takriban wiki moja. Kisa hiki huwaingia wanafunzi kuliko mhadhara wowote, kwa kuwa waliofanyiwa ni watu wa rika lao na somo lao. Pia kinawapa msingi wa yote yatakayofuata: uvimbe wa fizi peke yake unarudi nyuma ukiondoa utando. Mfupa ukishaliwa, haurudi kwa mswaki.

Hatua ya pili: kupima, na mkono unaopima

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kupima mfuko wa fizi, yaani mwanya kati ya ufizi na jino, ni kazi ya kidole, na macho hayasaidii sana.

Tafuta mzani wa jikoni wa kidijitali, ule wa kupimia unga wa keki. Mwanafunzi ashike probu, kile kijiti chembamba chenye alama za milimita, kama anavyoshika kalamu, abonyeze sahani ya mzani kwa ncha mpaka isome gramu 20 hadi 25. Hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa. Wengi huanza na gramu 60 au zaidi bila kujua. Warudie mpaka waweze kuifikia macho yamefumbwa. Kisha kila mmoja aingize ncha chini ya ukucha wake mwenyewe kwa nguvu hiyo hiyo: isiume. Ikiuma, itamuuma na mgonjwa, na kibaya zaidi itatoboa ufizi mzima na kutoa kipimo cha uongo.

Kama kliniki ina probu ya Shirika la Afya Duniani, waonyeshe ncha yake yenye kidonge cha nusu milimita, na ukanda mweusi unaoanza milimita 3.5 hadi 5.5. Kwa uchunguzi wa haraka kinywa kinagawanywa sehemu 6. Ukanda ukionekana wote, sehemu hiyo haina mfuko. Ukizama nusu, kuna mfuko. Ukipotea kabisa, mgonjwa huyo anahitaji kupimwa jino kwa jino, mahali 6 kila jino.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza, kudunga na kutoa, kudunga na kutoa. Probu inatakiwa itembee ndani ya mfuko bila kutoka, kwa hatua za milimita moja hivi, kwa sababu shimo refu huwa jembamba na ukiruka hulioni. La pili, kusimama wima kati ya jino na jino. Pale meno yanapogusana inabidi ncha iinamishwe kidogo iingie chini ya mgusano, na ndipo mfupa huanza kuliwa. La tatu, kusimamishwa na ugaga, yaani utando ulioganda ukawa mgumu, na kudhani umefika chini. Ugaga unakwaruza, mwisho wa mfuko unanesa. Tofauti hiyo haielezeki kwa maneno. Weka mkono wako juu ya wake, umsukume pale na pale, umuulize anahisi nini.

Mkishapima, wewe pima tena mahali pale pale bila kuangalia alichoandika. Tofauti ya milimita moja inakubalika. Ikizidi, mrudie pamoja. Ni kazi inayochosha, na wenye pupa watanung'unika kuwa foleni ni ndefu. Iache foleni iwe ndefu asubuhi hiyo moja.

Fizi zetu si za waridi

Vitabu vingi vinavyotumika vimejaa picha za fizi za rangi ya waridi, na ugonjwa huonyeshwa kwa wekundu. Mwanafunzi aliyekariri picha hizo akikutana na fizi zenye weusi wa asili, kama zilivyo za wagonjwa wetu wengi, huandika "fizi zenye afya" huku usaha ukimtazama. Wengine hufanya kinyume: huuona weusi wenyewe kuwa ni ugonjwa, au doa la sigara.

Mfundishe alama zisizotegemea rangi. Ukingo wa ufizi ulio mzima ni mwembamba kama kisu na umelikumbatia jino. Ulioumwa umenona, umekuwa mviringo, unang'aa kwa kuvutwa na uvimbe. Ukipuliza hewa taratibu, unabanduka kwenye jino. Na damu ni damu kwa kila mtu: hesabu mahali palipotoka damu baada ya kupima, ugawe kwa mahali pote. Chini ya asilimia 10 tunaita afya, 10 hadi 30 uvimbe wa sehemu, zaidi ya 30 uvimbe ulioenea. Ila mtahadharishe kuhusu mvutaji sigara, ambaye fizi zake hutoa damu kidogo kuliko ugonjwa ulivyo.

Hatua ya tatu: maswali ambayo Mombasa ni lazima yaulizwe

Fomu za historia ya mgonjwa mara nyingi zina swali la sigara na pombe, basi. Hapa haitoshi.

Muguka na miraa. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na tangu mjadala ule watu wengi hawasemi ukweli kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Mwanafunzi aulize kama anavyouliza chai: "Unatafuna upande gani?" Swali hilo hujibiwa. Kisha alinganishe vipimo vya upande huo na wa pili, na aulize pia kinacholiwa pamoja nayo, kwa sababu bazoka, njugu na soda zina hesabu yao kwenye meno.

Tambuu. Jani, popoo, chokaa, na kwa wengine tumbaku. Huacha wekundu uliokauka na ugaga mgumu mno. Lakini kabla ya ugaga, mwanafunzi aangalie mashavu na ulimi. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mgonjwa ambaye kinywa chake hakifunguki vizuri, au mashavu yake yamekuwa magumu na meupe-meupe, anapelekwa kwa mtaalamu kwanza. Kusafishwa kutangoja.

Kisukari. Aulize, na asipopata jibu la uhakika aombe kipimo. HbA1c (kipimo cha sukari ya damu ya miezi michache iliyopita) ya asilimia 7 au zaidi humpandisha mgonjwa daraja la hatari, sawa na kuvuta sigara 10 au zaidi kwa siku. Na njia ni ya pande mbili: tiba nzuri ya fizi hushusha HbA1c kwa karibu asilimia 0.4 baada ya miezi 3 au 4. Mwanafunzi akilijua hilo huanza kuandikiana na wenzake wa kliniki ya kisukari.

Dawa za presha. Amlodipini inatumiwa na watu wengi, na baadhi yao fizi huota zikafunika meno. Asimwambie mgonjwa aache dawa. Amwandikie daktari aliyeitoa.

Baada ya haya aandike utambuzi kwa sentensi moja kamili akifuata mgawanyo wa kimataifa wa 2018: hatua ya 1 hadi 4 kwa kiasi kilichopotea, daraja A hadi C kwa kasi na hatari. "Ugonjwa wa fizi" peke yake usiukubali kwenye faili.

Hatua ya nne: kusafisha

Anza na meno ya plastiki. Paka rangi ya kucha chini ya mstari wa fizi, iache ikauke, mwanafunzi aiondoe kwa kureti, kifaa cha mkono cha kukwangulia ugaga, bila kuona. Rangi ya kucha ni nafuu na makosa yake yanaonekana ukitoa jino. Mkitumia meno halisi yaliyong'olewa, yauweni vijidudu kwanza, na lenye ziba ya fedha lisiingie kwenye mashine ya mvuke, kwani moto hutoa mvuke wa zebaki.

Kwa kureti za Gracey, ambazo kila moja ina namba yake, asikariri seti nzima siku moja. Mpe 5/6 ya meno ya mbele, 11/12 ya upande wa mbele wa magego na 13/14 ya upande wa nyuma. Vitatu hivyo vinatosha kwa wiki za mwanzo. Kidole cha kuegemea kikae kwenye jino lililo karibu, si shavuni wala hewani. Nguvu itoke kwenye kifundo na mkono, vidole visikunjuke.

Makali nayo. Nitasema kwa ukali kidogo: nusu ya malalamiko kwamba "mwanafunzi hana mkono" ni kureti butu. Kifaa butu hulainisha ugaga juu juu, ukabaki umeng'aa na usiohisika, na mkono unauma kwa kubonyeza. Kinoo kiwepo kando ya kiti, pamoja na kijiti cha plastiki cha kujaribia. Kureti kali hukwama kwenye kijiti, butu huteleza. Mwanafunzi anoe mwenyewe, pembe kati ya uso wa kureti na kinoo iwe nyuzi 100 hadi 110, na asinoe kifaa chochote ambacho hakijasafishwa.

Mashine ya mtetemo ni nzuri na inaokoa muda, lakini ije baadaye. Umeme ukikatika, au maji yakipotea bombani, aliyejifunza mashine tu anakaa kitako.

Kuhusu antibiotiki, zuia mkono wa mwanafunzi. Wagonjwa wengi huja wameshanunua metronidazoli duka la dawa, na wanataka nyingine. Kidonge hakiondoi ugaga, na si tiba ya kawaida ya fizi. Fizi zilizooza ghafla kwa maumivu makali, harufu na homa zina mpango wake, nao hujadiliwa na msimamizi. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini asilimia 0.2 itolewe kwa muda mfupi, na mgonjwa aambiwe mapema kuwa pamoja na chai ya rangi itamwachia madoa ya kahawia.

Hatua ya tano: ulimi wa mwanafunzi

Wanafunzi wengi wanaotoka bara husema Kiswahili cha darasani, nacho kliniki za hapa kinaweza kuwa na makali yasiyokusudiwa. Nilimsikia mmoja akimwanza bi wa makamo kutoka Kibokoni: "Unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?" Bila shikamoo, bila kumsabahi. Bi akamtazama, akasema, "Mwanangu, mimi nasugua meno tangu mamako hajazaliwa." Kikao kikafa hapo.

Nilimwita kijana pembeni, akarudi upya. Shikamoo. Habari za nyumbani. Akakaa chini usawa wa macho yake. "Bi mkubwa, niruhusu nikuonyeshe kitu." Akampa kioo, akapitisha probu kwenye jino moja la chini, damu ikachuruzika. "Hapa panauma?" Haumi. "Ndiyo shida yake, haumi mpaka jino licheze." Bi akakisogeza kioo karibu na taa. Kisha akauliza lile swali ambalo kila mwanafunzi aliyepo Mombasa lazima awe na jibu lake: "Na mkiniosha, hayatalegea? Jirani yangu alioshwa, meno yakaanza kucheza."

Jibu lenyewe liandaliwe na lifanyiwe mazoezi kwa sauti. Meno yalishalegea kabla, kwa mfupa kuliwa, na ugaga uliokuwa umeyashikanisha ulificha. Baada ya kusafishwa uvimbe utanywea, kwa hiyo meno yataonekana marefu zaidi, mianya itafunguka, na maji baridi yatauma kwa wiki kadhaa. Haya yote yasemwe kabla ya kifaa kuguswa. Yakisemwa baada, yanasikika kama kisingizio, na jirani wa kesho ameshapata habari.

Mswaki wa mti usidharauliwe. Anayeutumia kwa ibada na kwa usafi anaweza kufanya kazi nzuri, ila wengi husugua meno ya mbele kwa nje tu. Aonyeshwe kuupeleka upande wa ndani na kwenye magego, na aongezewe kitu cha kusafisha kati ya jino na jino.

Hatua ya sita: kumrudisha mgonjwa

Kupima upya kufanywe takriban miezi 3 baada ya kusafisha. Mapema mno fizi hazijakaa. Shida ni kwamba mgonjwa harudi. Hana maumivu tena, nauli ya kutoka Likoni au Mtwapa ina kazi nyingine, na foleni ya feri humla asubuhi nzima.

Yanayosaidia ni haya. Mwanafunzi mwenyewe ampigie mgonjwa kwa simu ya kliniki siku 2 kabla, si karani. Miadi ya wa Likoni na Mtongwe isiwe ya alfajiri. Kabla ya kupanga tarehe, tazama kalenda ya Kiislamu. Ramadhani wagonjwa wengi wanaofunga hawataki maji na damu vinywani mchana, na kubishana nao juu ya hukumu si kazi ya mwanafunzi. Anza tiba mapema, upimaji uangukie Shaaban, au uende baada ya Idi. Na usimpangie mwanafunzi mgonjwa wa fizi akiwa amebakiza chini ya miezi 4 kituoni, isipokuwa kuna wa kumrithi.

Msimamo wangu hapa huwaudhi baadhi ya vyuo: acheni kuhesabu idadi ya waliosafishwa. Mwanafunzi anayedaiwa wagonjwa 30 atawatafuta wenye ugaga laini wa siku mbili, awamalize mbio. Mdai wagonjwa wachache, tuseme 5, lakini kila mmoja awe na chati ya kwanza, alama ya utando, chati ya miezi 3, na maelezo yake mwenyewe ya mahali ambapo hapakupona na kwa nini.

Siku ya chati ya pili

Zitandaze chati mbili mezani. Mifuko ya milimita 4 hadi 6 kwa kawaida imepungua kwa milimita moja hivi, ile ya 7 na zaidi kwa kama 2. Kwa mtu wa nje ni tofauti ndogo. Kwa aliyepima mwenyewe, mkono ukiwa umezoezwa kwa mzani, ni 6 iliyokuwa ikitoa damu na sasa ni 4 kavu. Nimeona mwanafunzi aliyeingia akitaka kunyoosha meno tu akipima mahali pamoja mara tatu, haamini. Mgonjwa naye husema kwa namna yake: mkewe amerudi kulala akimwelekea, au anakula muhogo wa kuchoma upande wa kushoto.

Kwa mwalimu, faida huja pembeni. Kufundisha upimaji kunakulazimisha uurekebishe mkono wako, na mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza "unahisi nini hapo" ataanza kukuuliza wewe.

Pale palipobaki milimita 5 na damu, au 6 na zaidi, pasafishwe tena kwa ganzi. Pakikataa, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa fizi. Waliopona wapangiwe kila miezi 3 hadi 6, maisha yao yote.

Makabidhiano

Mwanafunzi akiondoka, asiache faili tu. Aandike nusu ukurasa: mahali pa kuangaliwa, upande anaotafunia mgonjwa, saa anayoweza kupokea simu, jina analopenda kuitwa, na alichokwisha kumwahidi. Mwanafunzi anayerithi apime mahali 6 kwenye jino moja mbele ya anayeondoka, mgonjwa akiwa kitini, walinganishe namba. Zikipishana kwa zaidi ya milimita moja, mzani wa jikoni uko kabatini.